Fundi wa Simu na Anwani ya Kumi na Nne

Nimefanya kazi na watu wengi wa kuudhi, lakini hakuna aliyeniudhi kwa ustadi kama Fundi wa Simu. Wengine huudhi kwa uvivu, wengine kwa majivuno. Yeye aliudhi kwa kufanya kila jambo sawasawa, polepole, mbele ya macho yako, huku akikueleza kwa nini njia yako wewe ingeharibu.

Jina alikuwa nalo, na lilikuwa jina zuri, lakini pale hotelini Diani hakuna aliyelitumia. Alikuwa amekaa miaka mingi katika chumba cha simu, akiwaunganisha wageni na jamaa zao wa ng'ambo, basi ikawa Fundi wa Simu. Kompyuta zilipokuja, wakubwa walizitazama wakaona zina waya, na simu nazo zina waya, wakamkabidhi yeye. Hakuna aliyemuuliza kama anataka. Alinunua kamusi ya Kiingereza, akakifungua kile kitabu kinene kilichokuja na mashine, akakisoma mwaka mzima, kurasa mbili kwa siku, na asipoelewa hizo mbili alizirudia kesho yake.

Mimi nilifika mwezi wa sita na cheti changu cha chuo cha Mombasa ndani ya bahasha ya plastiki. Kwetu ni Machakos. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mkataba wa miezi sita, na mtoto wa kiume niliyekuwa nimemwacha kwa mama yangu. Siku ya kwanza nilisukuma mlango wa chumba chake nikasema, "Sasa, Mzee!"

Hakujibu. Alikuwa amevaa kofia yake ya kushonwa kwa mkono na shati lililopigwa pasi mpaka mikono, anakaza skrubu. Nikadhani hasikii vizuri. Nikapaza sauti. Akakaza skrubu ya pili. Mwishowe yule dada wa landri, chumba cha kufulia nguo, aliyenisindikiza akaninong'oneza, nami nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kumbe u mzima?"

Baadaye alitaka kukiona cheti. Alikisoma mbele na nyuma, nyuma hakukuwa na kitu, akanirudishia. Tangu siku hiyo akaniita Bi Cheti, na jina hilo likanishika hata jikoni.

Kwa asiyejua, nieleze kazi yenyewe, maana bila hivyo hutaelewa kwa nini nilitamani kumpigia mtu mzima kelele. Hoteli ilikuwa na kompyuta kumi na mbili zinazofanya kazi, zimeunganishwa kwa waya mmoja uliopita mapokezi, ofisi ya uhasibu, ghala, jikoni na kwingineko. Ili zizungumze, kila moja lazima ijulikane. Inapewa jina, na inapewa nambari, ambayo ndiyo anwani yake. Siku hizo hukubonyeza vipicha. Ulikaa mbele ya skrini nyeusi, ukaandika amri kwa herufi ndogo, neno hostname na jina unalotaka, kisha ifconfig na anwani, na ukikosea nukta moja mashine inakuwa bubu. La hatari kuliko yote ni kuzipa mashine mbili anwani moja. Hapo hupati hata ujumbe wa maana wa kosa. Unapata fujo tu, leo inashika, kesho haishiki, na kila mtu anamlaumu jirani yake.

Kazi ya kuipa mashine jina na anwani mimi nilifundishwa kuimaliza kwa dakika tano. Fundi wa Simu aliifanya kwa wiki.

Siitii chumvi. Alikuwa na kanuni kwamba jina la mashine mpya haliandikwi mpaka siku ya saba. Ni hivi: ukitoa ile amri ya jina, mashine inalishika palepale, lakini ikizimwa inasahau. Ili lidumu lazima uliandike pia ndani ya faili ambalo mashine hulisoma kila inapoamka. Mtu mwenye akili zake hufanya yote mawili kwa pamoja. Yeye alitoa amri, akaiacha mashine iitwe hilo jina siku saba, kisha ndipo akaliandika. Kama mtoto mchanga anayengojewa siku ya saba apewe jina.

"Kwa nini, Mzee?"

"Huenda jina lisimkae. Utaliandika, halafu ulifute? Ukifuta utaacha alama."

"Kwenye kompyuta hakuna alama!"

"Wewe hujaiona."

Na Diani wakati ule stima ilikuwa ikipotea kama mchezo. Inapotea saa nne, inarudi, inapotea saa nane. Kila ikipotea mashine mpya inasahau inaitwaje, na Bi Cheti anatoka mbio hadi ghalani kwenda kuikumbusha. Siku moja niliikumbusha mara tano. Mara ya sita nikaliandika jina ndani ya faili kimyakimya, ilikuwa siku ya nne tu. Alijua. Sijui alijuaje. Hakunisema, ila siku mbili nzima alinijibu kwa neno mojamoja.

Majina yenyewe aliyapanga kwa njia ambayo, nakiri, ilikuwa na maana. Mafundi wa Nairobi walioleta mashine walikuwa wamezipa majina ya Kiingereza yenye nambari. Akayafuta yote. Alianzia mlango mkuu wa hoteli akateremka kuelekea kusini, kama mtu anayeshika barabara ya Lunga Lunga: ukunda, kinondo, gazi, msambweni, ramisi, na kuendelea. Ukimwambia "gazi imekwama" alijua bila kuuliza iko chumba gani. Mimi mtu wa bara, sijui Gazi wala Ramisi, nilikariri pwani nzima kwa ajili ya kompyuta za hoteli. Mpaka leo nikipita Msambweni kwenda hospitali naona kwanza printa mbovu ya ofisi ya uhasibu.

Aliandika kwa kidole kimoja, cha shahada cha mkono wa kulia. Kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho alisoma amri yote kwa sauti tangu mwanzo, nukta kwa nukta, kisha akasema anachokusudia: "Naipa mashine hii nambari tisa, ya Mama Nguo." Ndipo abonyeze. Mimi nilikuwa naandika kwa vidole kumi bila kutazama. Nilikosea mara nyingi, nikarekebisha, nikakosea tena, na bado nilimaliza mbele yake. Lakini siwezi kusema uongo: miezi yote ile sikumwona akirudia amri hata moja.

Mama Nguo alikuwa mkuu wa landri. Hivyo ndivyo alivyowaandika watu katika daftari lake, na daftari hilo ndilo lililotaka kunitia wazimu. Lilikuwa daftari la shule la kurasa arobaini na nane, na humo mlikuwa na anwani zote za hoteli. Nililifungua wiki ya kwanza, nikalifunga. Lilikuwa limeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kiswahili kitupu, lakini kwa herufi za chuoni, kule wanakosoma Kurani, kutoka kulia kwenda kushoto, na tarakimu zake pia.

"Mzee, hii mimi nitasomaje?"

"Utaniuliza."

"Na usipokuwepo?"

"Utaningoja."

Nikamwambia ndiyo maana watu wa bara husema watu wa pwani wanapenda kukaa. Akacheka mpaka akavua kofia. Akasema watu wa pwani nao wanayo yao ya kusema kuhusu watu wa bara, ila hawayasemi mbele ya mgeni. Hata nilipotimiza naye miezi mitatu bado nilikuwa mgeni.

Msidhani alikuwa mtu mpole. Huyu mtu wa kungoja siku saba hakuweza kungoja dakika saba kwenye foleni ya chakula cha wafanyakazi. Alikuwa akiingia jikoni kwa mlango wa nyuma na sahani yake, akigomba. Alipiga marufuku chai karibu na mashine, mimi nikafukuzwa na kikombe changu zaidi ya mara moja, na chupa yake ya kahawa tungu, isiyo na sukari, ilikaa juu ya ile mashine kubwa iliyoziongoza nyingine kila siku ya Mungu. Nilipomwonyesha, alisema chupa yake ina kifuniko. Aliogopa panya kupita kiasi. Alisema hasemi watu, kisha akakaa saa nzima kuwasema mafundi wa Nairobi, mmoja mmoja, na viatu vyao.

Sasa nije kwenye hodi, kwa sababu hapo ndipo yote yalipoharibikia.

Kuna amri moja, ping, inayoiuliza anwani: je, kuna mtu? Ikiwa mashine ipo, inajibu, na skrini inajaa mistari. Ikiwa haipo, unangoja tu, kisha inakwambia hakuna jibu. Kabla ya kuipa mashine anwani unauliza kwanza, usije ukamweka mtu kwenye nyumba ya mwenzake. Fundi wa Simu aliiita hodi, na kwa hodi alikuwa mkali. Mara tatu, kwa utulivu, baina ya moja na nyingine ukipumzika. Hilo nililielewa haraka. Hata sisi tunabisha hodi.

Tulipotofautiana ni kwenye kinachofuata. Kwangu mimi, ukibisha mara tatu na usijibiwe, nyumba ni tupu, weka mtu. Kwake yeye, ukibisha mara tatu na usijibiwe, unarudi kwako.

"Lakini hakuna mtu, Mzee!"

"Nani kakwambia hakuna mtu? Hakujibiwa. Pengine kalala. Pengine yu katika swala. Pengine ni mwanamke yu peke yake ndani na hataki kukufungulia. Asojibu si lazima hayupo."

"Hii ni kompyuta. Haisali."

"Huzimwa, ama haizimwi?"

Kwa hiyo baada ya hodi alishuka kwa miguu, idara kwa idara, akiuliza: nyie mwatumia nambari gani, mna mashine nyingine kabatini, kuna iliyopelekwa kutengenezwa? Kila idara ilibidi asalimie, aulize hali, aulize watoto, apewe kiti. Anwani moja ilimaliza asubuhi. Mimi nikibaki ofisini nauma kalamu.

Mwezi wa tisa ikaletwa kompyuta mpya, ya meza ya pili ya mapokezi. Wakati huo hoteli ilikuwa katika hali mbaya. Watalii walikuwa wamepungua, jengo la kusini lilikuwa limefungwa tangu mwezi wa nne, viti vimepandanishwa, makabati yamefunikwa mashuka. Meneja wetu, kijana wa Nairobi mwenye tai hata Jumamosi, alituita sote wawili akasema waziwazi.

"Sitawaficha. Baada ya sikukuu nabaki na mtu mmoja wa kompyuta. Mmoja. Kwa sasa sijaamua. Hiyo mashine ya mapokezi naitaka iwe inafanya kazi wiki hii, sawa?"

Fundi wa Simu akaitikia sawa, kama aliyeambiwa kesho kutakuwa na mvua. Mimi usiku ule sikulala. Nilimwona mwanangu na viatu vyake vya shule, nikaona mkataba wangu, nikaona kile kidole kimoja kikitafuta nukta.

Alipima anwani. Mashine zetu zilikuwa zimeshika kuanzia ya pili hadi ya kumi na tatu. Iliyofuata ni kumi na nne. Akabisha hodi mara tatu. Kimya. Akafunga daftari akasema tungoje Jumatatu.

"Jumatatu ya nini?"

"Msimamizi wa jengo la kusini kaenda kwao Mkwiro, kwenye harusi. Ufunguo anao yeye. Akirudi Jumatatu tutafungua, tutazame ndani."

"Daftari lako linasemaje?"

"Daftari lasema nilichoandika mimi mwaka uliopita. Mashine yasema ilicho nacho. Nataka nione kwa macho."

Angeniambia tu! Hapo ndipo bado namkasirikia. Angesema, "Humo mna mashine, na nadhani ni kumi na nne." Neno moja. Lakini kwake mtu akipewa jibu hajifunzi kazi, na mimi nilishakataa kuuliza zaidi, maana kila nikiuliza nilijiona mdogo. Tulikuwa wakaidi wawili ndani ya chumba kimoja chenye feni mbovu.

Siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa. Alioga, akavaa kanzu, akaenda msikitini. Meneja akachungulia mlangoni.

"Madam, hiyo mashine bado iko kwa boksi? Kwani shida ni gani?"

Nikasema itakuwa tayari kabla ya saa tisa. Nilibisha hodi kwa ile kumi na nne mara tatu, kwa utulivu, nikipumzika katikati, vilevile alivyonifundisha. Hakuna aliyejibu. Nikaandika amri. Nikaandika na kwenye faili palepale, sikungoja siku saba. Saa nane na nusu mapokezi walikuwa wakiitumia na meneja akaniita shujaa.

Fundi wa Simu aliporudi aliiona ikiwaka. Akaniuliza kama nimepewa ufunguo wa kusini. Nikasema, "Mzee, inafanya kazi, si ndiyo?" Akasema, "Haya." Jumatatu msimamizi hakurudi, alikuwa ameugua malaria, akachelewa wiki mbili, na kufikia wakati huo kulikuwa na mambo mengine, mambo yakasahaulika. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Sidhani yeye alisahau, lakini alikuwa ameshasema haya, na mtu wa namna yake akishasema haya hasemi tena.

Katikati ya mwezi wa kumi na mbili wageni walirudi. Mabasi mawili kutoka uwanja wa ndege kwa siku moja, na jengo la kusini likafunguliwa asubuhi ile. Karani wa kule akaondoa shuka, akaiwasha mashine yake. Ilikuwa inaitwa mkwiro, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mbali kuliko zote. Anwani yake ilikuwa kumi na nne.

Sijui nianzie wapi. Karani wa meza ya pili alikuwa akiandika kwamba chumba fulani kimepewa familia fulani, na kabla habari hiyo haijahifadhiwa mawasiliano yanakatika. Karani wa kusini anatazama orodha yake, anaona chumba bado kitupu, anampa mwingine. Saa sita mchana bibi na bwana wazee, Wajerumani, walifungua mlango wao wakamkuta mtu bafuni anaimba. Familia ya watoto wanne ilikaa juu ya masanduku yao mpaka jua likapinduka. Mapokezi palikuwa na kelele kwa lugha tano. Meneja alikuwa ameilegeza tai.

Mimi nilikimbia huku na huku nikizima na kuwasha. Fundi wa Simu alikaa. Alikaa! Aliinywa kahawa yake. Kisha akaenda mapokezi, akaichomoa kwenye waya ile mashine mpya, akarudi ofisini, akabisha hodi kwa kumi na nne. Ikajibu.

Akaniambia, bila kunitazama, "Mwenye nyumba tumemtoa nje, na ndani bado mwaitikwa."

Nilielewa palepale. Kusini mlikuwa na mashine nyingine yenye anwani ileile. Ile mashine mpya akaipa anwani nyingine kwa kidole chake kimoja, akiisoma kwa sauti, na baada ya nusu saa fujo yote ikatulia kana kwamba haikuwahi kuwepo. Ila wageni walikuwa wameshakasirika, na ofisi kuu ya Nairobi ilikuwa imeshapigiwa simu.

Meneja alituita alasiri ileile. Alikuwa amesimama.

"Nani alipea hiyo mashine namba ya South?"

Mimi nilifungua mdomo. Nataka kuapa kwamba niliufungua. Fundi wa Simu alikuwa ametazama dirishani.

"Nauliza. Nani?"

"Kazi ya nambari ni ya chumba chetu," akasema Fundi wa Simu. "Aliyeiweka anajijua."

Ilikuwa zamu yangu na mimi na yeye tulijua. Nilimfikiria mwanangu. Ni kweli nilimfikiria, lakini pia nilijifikiria mimi mwenyewe, cheti changu, na kuitwa shujaa. Meneja akangoja kidogo, akamtazama yule mzee wa kofia, akaamua kama ambavyo mtu yeyote angeamua.

"Mzee, umechoka," akasema, kwa upole hata. "Umefanya kazi miaka mingi. Baada ya sikukuu pumzika."

Hata hapo aliniudhi. Angenitaja kwa jina ningejitetea, ningesema kuhusu daftari lake lisilosomeka, kuhusu ufunguo, kuhusu siku saba. Nilikuwa na hoja, na nyingine zilikuwa za kweli. Aliniachia nafasi ya kusema mwenyewe, na mimi sikusema. Aliondoka mwezi wa kwanza. Aliniachia daftari, na pembeni ya kila mstari alikuwa amekwishaandika upya kwa herufi zetu, kwa kalamu nyekundu, taratibu.

Nilipata mkataba. Nikapata na mwingine. Mwanangu akaja kuishi nami Ukunda.

Miaka mitatu baadaye, mwaka wa tisini na tisa, dada wa landri akaniambia Fundi wa Simu amefanyiwa upasuaji wa mguu na ametoka hospitali. Nikanunua machungwa, nikaenda Kinondo. Njiani nilijipangia maneno. Nilidhani atalia, au nitalia mimi, kisha atanibariki, nirudi zangu nikiwa mwepesi.

Nilimkuta kibarazani, mguu juu ya kigoda. Amekonda. Nikasema shikamoo kabla hata sijavua viatu.

"Marahaba, Bi Cheti. Machungwa umeyanunua wapi?"

"Ukunda, Mzee."

"Wamekuibia. Haya ni makavu." Akaliminya moja. "Hebu tazama."

Tukakaa. Tukazungumza juu ya mguu, juu ya madaktari, juu ya wale wanaosema kompyuta zote zitasahau tarehe mwaka elfu mbili ukiingia. Akasema zitasahau za watu wasioandika mambo yao. Nikaona nikiendelea kungoja sitasema kamwe.

"Mzee, ile kumi na nne. Niliiweka mimi."

"Najua."

"Nilitaka kukuomba radhi."

"Najua uliiweka wewe. Nilirudi kutoka swala ya Ijumaa nikaiona." Alikuwa bado anaminya lile chungwa. "Siku ile meneja alipouliza, mimi nilingoja. Nikarudi ofisini, nikakaa mpaka watu wote wakaondoka. Nikasema, atakwenda kumwambia hata akiwa peke yake. Nikangoja na siku ya pili. Mpaka mwezi wa kwanza nilikuwa nangoja."

Niliona aibu.

"Mimi nimekusamehe zamani," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeudhika. "Sasa kuniambia mimi kwafaa nini? Mimi najua. Nenda kamwambie yule."

Akaelekeza kidevu uani, aliko mkewe. Sikuwahi kumwona mama yule kabla ya siku hiyo. Ndipo akanieleza, haraka haraka, namna ambayo sikuwahi kumsikia akizungumza. Habari ilikuwa imefika Kinondo kabla yake: Fundi wa Simu amezeeka, akili imepungua, amewalaza wazungu chumba kimoja na watu wasiowajua. Watu walicheka sokoni. Mkewe hakucheka. Mkewe alimhurumia, na tangu hapo humtunza asije akaaibika tena. Hamwachii kugusa kitu chenye waya.

"Redio ya nyumba hii ikiharibika," akasema, "huifunga kwenye kanga akaipeleka kwa kijana wa Ukunda. Mimi nipo hapa hapa. Miaka mitatu. Huipitisha mlango wa nyuma nisione."

Akanipa kisogo, akatazama barabara. Nikainuka nikaenda uani.

Mama alikuwa anapepeta mchele. Nikamwamkia. Akaniambia nisikae kwenye moshi, atanitolea kiti. Nikasema, "Mama, mimi ndiye niliyefanya kazi na Mzee hotelini. Ile mashine iliyowachanganya wageni, si yeye aliyeiharibu. Ni mimi. Yeye alinikataza, akaenda msikitini, nikafanya. Kisha yeye ndiye aliyeitengeneza. Na mbele ya meneja nilinyamaza."

Ungo ukasimama mikononi mwake. Sikuweza kujua kama atanifukuza. Kisha akauweka chini, akafungua mlango wa makuti wa uani, ule unaotazama nyumba za majirani, akaita majina ya wanawake wawili mpaka wakatokeza vichwa.

"Sema tena," akaniambia. "Sema kwa sauti."

Nikasema tena, kwa sauti.